Tela la Farasi, Shangani

Ubavuni mwake bado kuna farasi
wa rangi ya bluu, mguu mmoja juu,
na watoto wa jirani wanabishana:
mmoja asema ni twiga aliyekatwa shingo,
mwingine, ni punda aliyesomeshwa.

Mimi nina punda watatu Newala. Hawajasomeshwa.
Wanapandisha maji kutoka bondeni,
na nimechoka kuwasafirisha kwa Fuso
wamefungwa miguu juu ya magunia,
wakifika wamechubuka,
wiki nzima hawanitazami.
Ndiyo maana nimekuja na fedha ya mnada wa pili,
imefundikwa ndani ya kanga, kanga ndani ya mkoba,
mkoba ndani ya kwapa.

Nimekuja na Fundi Nangumbi pia.
Mama yangu aliwahi kuuziwa cherehani,
nje nyeusi, maua ya dhahabu,
ndani haina hata jino moja la kushona.
Tangu hapo kwetu hatununui mbuzi kwenye gunia,
wala gunia lenyewe bila kuligeuza.

Muuzaji ni Mkwango, alikuwa mlinzi hapa.
"Bosi aliondoka usiku wa Jumapili,
akaniachia hili, mishahara ya miezi sita."
Amelipiga deki. Tairi amezipaka kiwi
zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Anataka milioni nne.
"Jepesi, mama. Jepesi kama tiara."

Fundi hajibu.
Fundi hasemi na watu mpaka amalize kusema na chuma.
Anashika shingo ya kuvutia, anaitikisa,
anainama kusoma namba za tairi:
"Hizi zina umri wa mtoto wa darasa la saba."
Taa ya kushoto inawaka.
Ya kulia inawaza.
Kisha anaingia chini, chali,
viatu viwili tu vimebaki duniani,
nasikia nyundo: ngi, ngi, ngi,
halafu: du.

Mkwango naye amesikia.
Anaacha kuusifia mlango.

Ndani, kwenye bomba la mbele, kuna alama za meno.
Mnyama mrefu alisimama hapa akichoka,
unywele wake mmoja mweupe umenasa kwenye bawaba.
Fundi anakunja zulia la mpira,
linapanda na harufu ya mkojo wa zamani,
na bisibisi inazama ubaoni
bila kusukumwa, kama kidole kwenye papai.

"Juu mpira, chini maji," anasema.
"Punda wako angesimama hapa vizuri tu mpaka Nanyamba.
Baada ya Nanyamba
angekuwa anakimbia lami kwa miguu yake,
na gari linamvuta."

Nilikuwa na maneno yangu ya kushusha bei,
nimeyapanga tangu stendi.
Lakini Mkwango amepiga magoti,
mkono wake umepita sakafuni mpaka kwenye kiwiko,
na upande wa pili, chini,
vidole vyake vinashika nyasi.

"Miezi sita," anasema. Si kwangu.
"Mvua yote ile ya Machi, nje ya geti.
Fundi, yule alikuwa anajua?"

Nangumbi anafuta bisibisi kwenye suruali,
upande huu, upande ule.
"Aliyetandika mpira alijua."

Nampa fundi elfu thelathini zake.
Anazihesabu, anazitia mfukoni, haondoki.
"Ekseli nzima," anasema. Sijamuuliza.
"Fremu nzima. Hiyo taa ni waya tu."
Anatema mate pembeni kwa adabu.

Mkwango bado yuko chini:
"Na mbao za mninga, za kutosha hapa, bei gani?"

Fundi ananitazama mimi.
Fedha iko kwapani, imeanza kulowa jasho.
Mimi namtazama farasi,
mguu wake mmoja juu,
hajui aushushe wapi.