Orodha ya Nkungwe

Ntakije, leta kalamu, tuandike upya.
Mablanketi matatu, si mawili:
kule juu baridi haipigi hodi.
Mihogo mikavu, migebuka ya kukaushwa,
darubini ya baba, ile ya enzi za reli,
jicho la kushoto lina ufa, la kulia linaona.

Kibali ni cha watu watatu.
Wa tatu nimemwandika mama.
Usinikodolee. Magoti yake nayajua,
na boti ya mchana kutwa naijua,
lakini nani alinionyesha Kilimia
nikiwa mgongoni, alfajiri, njia ya Kalinzi,
kikapu cha kahawa kichwani mwake?

Ruhaga nilimtaka abebe mizigo.
Kacheka. "Giza unalolitafuta wewe
ndilo shamba langu.
Mwezi ukifa, dagaa wanapanda;
nyota zako hazininunulii petroli."
Sikuwa na jibu. Kweli, tunagombea usiku mmoja,
yeye kwa wavu, mimi kwa shingo.

Basi tumeelewana hivi:
saa saba, Kilimia kinapochomoza,
atazima taa zake na kuziwasha, mara tatu.
Mama atashika darubini
atafute ziwani, kati ya mamia,
chombo kimoja kinachokonyeza.

Juu nitatazama mimi.
Wewe, Ntakije, tazama njia, una miwani.

Ongeza betri. Ongeza kiti cha kukunja.
Na sukari...
hapana, sukari anayo mama,
kaifunga kwenye kanga tangu Jumatatu.
Na hatujamwambia hata siku.