Nani Alikuwa Mkunga

Daftari la kaunta, mende wamekula jalada.
Ndani anaandika mjomba Luhende kwa mkono wa kushoto,
ule ule ambao mwalimu wa darasa la pili, Igogo,
aliufunga kwa kamba ya katani
mpaka mtoto ashike adabu.

Akashika adabu. Na kalamu, mikono yote miwili.

Ukurasa wa tisa: kichwa cha sangara, kimepasuliwa.
Alikiomba Mwaloni, wapaa samaki wakamcheka:
"Kichwa unacho, mafuta ya kukaangia je?"
Hakukikaanga. Alihesabu matamvua moja moja,
akachora shavu linavyofunguka maji yakipita
na kujifunga yasirudi.
Pembeni ameandika: "Hii ni valvu.
Mungu aliitumia kabla ya Wajerumani."

Shavu lile likazaa pampu:
bomba la plastiki, ngozi ya kiatu,
pedeli za baiskeli ya marehemu babu.
Ikapandisha maji miamba ya Mabatini
kwa siku kumi na saba.
Ya kumi na nane, pedeli zikaibwa.
Ameliandika hilo bila laana:
"Kubuni pedeli isiyoibika."
Kachora tatu. Ya tatu ina meno.

Mwewe amejaa kurasa ishirini,
mkia wake unavyopinda kabla ya kugeuka.
Bawa alilitengeneza kweli, mianzi na turubai, mita nne.
Upepo wa ziwa ulipokuja alilitazama,
akatazama majabali chini,
akamkodishia bawa muuza miwa, liwe kivuli.

Siku moja tulikuwa Mlango Mmoja, tunachora ubao wa kinyozi,
mimi nashika kopo, yeye anatafuta rangi ya sikio.
Akanisimulia somo la historia:
Florensi, mji wa wafuma sufu na wakopesha fedha,
ambako mtu mmoja alichora, akapasua maiti,
akapima mto, akapiga zeze,
na hakuna aliyemwambia, chagua moja.
"Ulaya ikazaliwa upya," mwalimu akamaliza, akafuta ubao.
Luhende akanyoosha mkono, kwa bahati mbaya ule wa kushoto:
"Mwalimu, nani alikuwa mkunga?"

Viboko sita.

Naye alitaka kujua tu.
Mama yake alizalisha nusu ya Igogo;
alijua hakuna kinachokuja duniani
bila mtu wa kuchemsha maji
na mwingine wa kushika taa.

Kitangiri kanisani walimpa ukuta:
mikate mitano, samaki wawili, umati.
Umati aliutoa Mwaloni, wachukuzi na wauza dagaa,
mpaka Nyanzala mwenye jicho moja yumo, anadai chenji.
Lakini samaki hawakuwa wawili. Walikuwa arobaini,
furu wadogo, wekundu, wa buluu, wenye madoa,
kila mmoja na magamba yake.
Padri akauliza, mbona wengi, mbona wadogo hivi?
"Hawa ndio waliokuwepo, Baba, kabla sangara hajala."
Bwana mwenyewe hana uso hadi leo.
Miaka kumi na mmoja mjomba alisubiri uso upite sokoni.
Waumini wamezoea. Wengine husema wanamwona vizuri zaidi.

Alikufa na kazi thelathini, iliyokwisha moja:
ubao wa kinyozi.
Ndugu waligawana vyuma kwa kilo.
Daftari halikuwa na kilo, nikapewa mimi.

Kurasa za mwisho ni za gugumaji,
aliyavuna mwenyewe, akayaponda, akayakausha kwenye mwamba.
Karatasi nene, inanuka ziwa, wino unatambaa.
Nasoma polepole. Pale katikati,
kati ya mchoro wa goti la mtoto na hesabu ya chokaa:

"Usiku. Umeme umekatika.
Nyamizi ameshika koroboi mpaka saa nane.
Mkono haukutetemeka."

Na chini yake, bei ya misumari.