Gorogoro Mbili

Ninazo gorogoro mbili chini ya meza yangu, soko la Chavakali.
Moja nzima, kama ilivyotoka dukani na mafuta yake.
Ya pili ilipigwa nyundo,
kitako kikaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa.
Usiniulize ni nani aliyeipiga. Nyundo ni yangu.

Alhamisi, mvua ikinusanusa vilima vya Maragoli,
akaja Imali na kikapu,
mgongoni mtoto mwenye masikio ya Mudogo,
yale yaliyosimama kama vipini vya sufuria,
niliyoyaosha miaka mingi kwenye vichwa vya wanangu.
"Mama Vugutsa, mahindi, gorogoro nne."
Alijua ni mimi. Nami nilijua ni yeye.
Hata wauza omena walinyamaza.

Mkono wangu ulienda chini ya meza peke yake,
ukagusa ile ya nyundo.
Nikahesabu: miaka kumi na mitatu;
karatasi ya mahakama ya Kakamega, muhuri wa zambarau;
godoro alilolipakia kwenye bodaboda mchana kweupe,
mwanangu akikimbia nyuma, akidhani ni mchezo.
Vikombe viwili kila gorogoro. Jumla vinane.
Si kisasi hicho, nilijiambia,
ni riba.

Sitasema nilisikia sauti. Sikusikia.
Mtoto alipiga chafya tu,
na mdomo wangu, kwa mazoea, ukasema, "Kua!"
Sasa ukishamwambia mtoto akue
utampunjaje ugali?

Nikapima kwa ile nzima. Nne, zikifurika.
Na kiganja juu yake, si kwa wema:
kiganja kilikuwa kinatetemeka.

Jumapili wazee wa Kanisa la Marafiki
waliketi kutujadili, mimi na Azangu,
yule mgane, fundi wa baiskeli,
anayekunywa chai bila kuvuta sauti.
Mzee Kisia akavua miwani.
"Dada Kageha, mume wako yu hai.
Fundo la mbinguni, hakimu halifungui.
Umemsamehe?"
Nimemsamehe.
"Basi mrudie."

Nikacheka, Mungu anirehemu, ndani ya kanisa.
Nirudi wapi? Kitanda kina mwenyewe.
Nimemsamehe deni,
sikusema nitamkopesha tena.
Shavu la pili nilishalitoa;
la tatu sikuumbiwa.

Wakanyamaza, kama Marafiki wanavyojua kunyamaza,
nzi akitembea juu ya kitabu cha kumbukumbu.
Mama Minayo, katibu, akaandika kitu, akakifuta.
Uamuzi: baada ya mavuno.

Azangu alikuwa langoni na baiskeli.
Hakuuliza walisemaje.
Aliuliza kama nimekula.

Sijui kama nina ruhusa mbele za Mungu
kuvaa pete mara mbili.
Wanaojua, wa upande huu na wa upande ule,
nawaonea wivu usingizi wao.

Lakini jana usiku niliitoa ile gorogoro mezani.
Nilijaribu kwanza kuinyoosha. Haikunyooka.
Bati halisahau nyundo.
Nikaitoboa kitako kwa msumari, matundu matano,
nikaijaza udongo, nikapanda vitunguu.

Vikiota,
Imali atauziwa kwa bei ya watu wote.