Zgubikoń

Karani wa parokia akachovya kalamu: "Jina?"
Wakacheka waliokuwa mlangoni:
"Huyo? Kapoteza farasi wa bwana."
Ikaandikwa hivyohivyo, Zgubikoń, mpoteza-farasi.
Wino ukakauka. Farasi hakurudi.

Sasa tumesalia tisa Poland nzima:
sita huku Podlasie, wawili Łódź,
na shangazi Ludomira, ambaye takwimu bado zinamhesabu
ingawa tulimzika Februari,
udongo ukigomea sululu.

Binti yangu anaolewa Jumamosi.
Atakuwa Nowak, mmoja wa laki mbili.
"Baba, hilo angalau linaandikika,"
anasema, akipiga pasi shela.

Sikumjibu.
Zizini mwetu mna baiskeli na viazi;
farasi hatujafuga tangu enzi za babu.
Ila usiku huu
nimeliacha lango wazi.