Mwenye Sinia

Tukuyu, mvua haina likizo.
Bandani kwa Ambakisye jenereta inakohoa,
mkanda wa Marekani umejaa chenga.
Mama mweusi anaingia na sinia la chai,
anacheka, sekunde nne,
mlango unammeza.

"Rudisha," anasema shangazi Tusekile,
aliyepika miaka kumi na tisa
kwa meneja wa shamba la chai, Katumba.
"Rudisha tena. Kicheko hicho nakijua.
Kina meno tu, hakina tumbo."

Watoto tukazomea. Tulitaka bastola.

Juzi, kwenye runinga ya mjukuu,
mama mweusi mwingine, miwani puani,
kwenye kochi lake mwenyewe,
analetewa chai.
Shangazi akasogeza kigoda.
"Haya. Ameketi."

Kisha akauliza jikoni yupo nani.