Soketi Moja

Ndahani kaja na maboksi mawili toka mjini,
anayapasua sebuleni kwangu, Nkuhungu, kwa kisu cha mkate.
"Hizi, shangazi, kila moja ina amplifaya yake tumboni.
Chomeka, washa, basi."
Mgongoni zina mbavu za chuma za kupoza joto,
taa ya buluu, kitufe cha besi.
Nzuri, sikatai.
Lakini kila moja inataka soketi yake,
na ukuta huu una soketi moja,
nayo ni ya friji.

Zile za marehemu zimekaa pembeni, mbao na sumaku tu,
hazina swichi, hazina taa,
nyuma matundu mawili: jekundu, jeusi.
Bila mashine ni kabati lisilofunguka.
Masinga alizinunua kwa pesa za zabibu za Hombolo,
amplifaya akaja kuipata mwaka wa pili.
Mwaka mzima tulizipangusa vumbi
kama watu wenye mgeni asiyesema.

Tukachomoa friji, tukapima kwa zeze.
Zake zilitoa kila uzi peke yake,
hadi upinde ukikwaruza.
Zangu zikaleta kibuyu,
na chumba ambamo zeze lilipigwa.
"Hiyo ni besi kuvimba, shangazi. Waya wako mwembamba."
Huenda.

Fundi Chilongani wa Majengo anasema
hizi mpya zikiungua, zinaungua na akili zake;
za zamani, mashine ikifa, unazika mashine.
Mimi nilimzika mwenye mashine.

Saa mbili umeme ukakatika.
Taa ya buluu ikafa, upepo ukaanza kutikisa bati,
nikakumbuka neno jingine la Chilongani:
spika isiyo na umeme ni sikio.
Sauti ikiigonga hutetemeka, hutuma mkondo kwenye waya,
haba, usiotosha kuwasha hata kimulimuli.
Basi miaka ishirini na miwili zilitusikia,
ugomvi wa ada, kikohozi chake cha alfajiri,
zikaupeleka wote kwenye mashine iliyozimwa.

"Nizirudishe dukani?" Ndahani anauliza gizani.
"Niachie moja."
"Haziuzwi moja moja, shangazi."
"Basi kesho njoo na fundi wa soketi."