Safu ya Saba

Mnunuzi ameandika tena:
kuanzia Januari, forodha ya kwao
haitapokea pipa lisilojua limetoka mti gani.

Nyamizi anasoma akiwa amesimama ghalani, Cheyo.
Mapipa thelathini na sita, ya bluu,
kila moja lina neno la chaki: ASALI.
Miaka tisa neno hilo lilitosha.

Sasa wanataka nukta kwenye ramani.
Wanataka kujua kama mti uliobeba mzinga
bado una gome lake.

Alicheka. Kisha akaacha,
maana mzinga wa gome anaujua:
shoka linazunguka juu, linazunguka chini,
muyombo unavuliwa kama kanzu
na unakauka ukiwa wima,
duka lililofilisika ambalo bango halijashushwa.

Jumatatu, pikipiki hadi Ipole.
Daftari kwenye mfuko wa nailoni
(ule uliopigwa marufuku; alificha michache),
na kipima-mahali cha shemeji yake, mpima viwanja.
Siku kumi na moja. Mbung'o shingoni.
Mzinga wa kwanza, wa pili, wa mia,
wa mia nne na nane.

Kapaya, aliyeshika ngazi, akauliza:
"Na nyuki, wamejaza fomu?"
"Nyuki hawadaiwi na benki," akasema,
"panda."

Arobaini na tatu ilikuwa ya magome.
Kumi na miwili ya Kapaya mwenyewe.
"Andika gogo," akamwambia, sauti chini,
"huko Ulaya nani atakuja kugonga?"
Kalamu ikakaa hewani
mpaka jasho likadondoka kwenye ukurasa.
Akaandika: gome.
Kapaya akashusha ngazi, hakumsemesha hadi kambini.

Mapipa manne hayatapanda treni.
Mama wapika wanzuki watayachukua
kwa bei ya wanzuki, na kwa mkopo.
Fedha ya bati la ghala imekwenda kwa fundi Lubasha,
mbao na misumari,
masanduku kumi na mawili ya kwanza yapelekwe kwa Kapaya,
asiambiwe ni zawadi.

Usiku anafuta chaki kwa kitambaa kibichi,
anapaka namba kwa rangi.
Halafu anafungua daftari, anahesabu safu:
mzinga, mti, nukta, tarehe, mrina, pipa.
Anachukua rula,
anachora safu ya saba.
Juu yake haandiki kitu.
Watauliza tu.